Moroko: mwaka wa kwanza ni wa Kifaransa

Mtoto akipata ufadhili wa kusoma Moroko, nyumba hujaa furaha ya aina yake. Ni nchi ya Waislamu, adhana inasikika, nyama haina mashaka, na katika mji wa Fez ipo Al-Qarawiyyin, ambayo kwa mapokeo ya wanahistoria iliasisiwa mwaka 859 na mwanamke mchamungu, Fatima al-Fihri. Babu huanza kuwaambia majirani kwamba mjukuu atarejea na Kiarabu kilichonyooka. Furaha hiyo ni halali. Lakini kijana aliyekwenda kusomea udaktari, uhandisi au uchumi aghalabu atakuta kwamba mhadhiri anafundisha kwa Kifaransa, kitabu ni cha Kifaransa na mtihani ni wa Kifaransa. Kwa hiyo mwaka wake wa kwanza hautakuwa wa udaktari hata kidogo. Utakuwa mwaka wa lugha.

Ndugu msomaji, jambo hili lina historia yake. Moroko ilikuwa chini ya himaya ya Ufaransa tangu 1912 hadi 1956. Baada ya uhuru, masomo ya shule yaligeuzwa kidogo kidogo kuwa ya Kiarabu, sayansi ikiwemo, ilhali vyuo vikuu vilibaki na Kifaransa katika tiba, uhandisi na sayansi. Kijana wa Kimoroko mwenyewe alisoma fizikia kwa Kiarabu hadi anamaliza sekondari, kisha akaingia chuo kikuu na kuikuta fizikia ile ile ikisemwa kwa lugha nyingine. Mwaka 2019 ilipitishwa sheria namba 51.17 iliyoruhusu sayansi kufundishwa shuleni kwa lugha za kigeni, na kwa vitendo lugha hiyo imekuwa Kifaransa. Sisi ambao hatujamaliza ubishi wa Kiswahili na Kiingereza katika sekondari zetu tutaielewa hali hiyo upesi.

Nayaeleza haya kwa sababu wapo wazazi wanaoambiwa na mtoto kwamba bado hajaanza fani yake, wakadhani ameshushwa darasa au anaficha jambo. Hajashushwa. Vijana wa Kiafrika wanaopata ufadhili wa serikali ya Moroko hupitia Wakala wa Ushirikiano wa Kimataifa wa nchi hiyo, ulioundwa mwaka 1986, na wanaotoka nchi zisizotumia Kifaransa, kama Tanzania na Kenya, hupangiwa mwaka wa lugha kabla ya kuingia kitivoni. Mwaka huo hauhesabiwi katika shahada. Shahada ya miaka mitatu basi iwekewe miaka minne tangu siku ya kwanza, na bajeti ya familia ipangwe hivyo.

Mwaka wenyewe ni mzito. Mswahili hushtushwa kwanza na maandishi, kwa kuwa sisi tunaitamka karibu kila herufi tunayoiandika. Mfaransa huandika "eaux", yaani maji kwa wingi, herufi nne kamili, kisha hutamka "o" tu. Halafu zinakuja hesabu. Sabini ni "sitini-kumi", themanini ni "ishirini nne", na tisini na tisa ni "ishirini nne, kumi, tisa". Hebu mfikirie kijana aliyepata alama za juu za kemia kidato cha sita, amekaa katika ukumbi wenye mamia ya wanafunzi, mhadhiri anataja tarakimu mfululizo, naye bado anazidisha ishirini kwa nne kichwani. Jinsia ya maneno, ambayo Waingereza huilalamikia sana, isitutishe. Kifaransa kina mbili tu, nasi tumekulia katika ngeli.

Kiarabu cha madrasa je? Mimi ni zao la chuo cha Kiislamu na sitakidharau. Kitamsaidia kijana katika khutba, magazetini na kwenye taarifa ya habari. Sokoni na ndani ya teksi atakutana na darija, Kiarabu cha mtaani kilichochanganyika na Kiamazighi na Kifaransa. Kiamazighi nacho ni lugha rasmi tangu katiba ya 2011, na herufi zake za asili ataziona kwenye mabango ya ofisi za serikali. Hata darasani, mhadhiri akitaka kutia mzaha hurukia darija, ukumbi mzima ukacheka isipokuwa mgeni.

Kijana aliyezungukwa hivyo hukimbilia anakoelewa. Hujifungia bwenini na Watanzania wenzake, wakapika wali, wakazungumza Kiswahili asubuhi hadi usiku. Kwa maoni yangu hapo ndipo mwaka huu unapopotea kuliko darasani. Mzazi anayeuliza kila siku, "Uko na Watanzania wenzako?" akifikiri anamlinda, anamsukuma huko huko. Heri amuulize kama amepata rafiki Msenegali au Mkomoro. Wakomoro tuwataje kwa namna ya pekee. Lugha yao ni ndugu wa Kiswahili, madhehebu yao ni Shafii kama yetu, na Kifaransa ni mojawapo ya lugha rasmi kwao. Kijana akipata Mkomoro wa kuketi naye jioni na kurudia somo, amepata mwalimu wa pili bila malipo.

Kuhusu ibada, mzazi asishtuke akisikia kwamba mtoto anaswali nyuma ya imamu aliyeachia mikono na kutoa salamu moja tu. Ndivyo walivyo Wamaliki. Qur'ani nayo husomwa kwa riwaya ya Warsh, na tangu Fatiha sikio lililozoea Hafs litasikia tofauti. Aelezwe haya kabla hajaondoka, ili asiingie msikitini kusahihisha watu.

Kazi kubwa, hata hivyo, iko huku nyumbani. Mtihani wa kidato cha sita humalizika Mei na masomo kule huanza aghalabu Septemba. Hata kwa aliyeitwa JKT, wiki kadhaa hubaki, na wengi huzimalizia kwenye simu. Dar es Salaam na Arusha zina vituo vya Alliance Française vinavyofundisha kuanzia sifuri. Asiyemudu ada amtafute Mkongomani au Mrundi aliyesoma shule kwao, ambao Kariakoo na Kigoma si haba, wakubaliane saa moja kwa siku. Binti au kijana anayefika akijua hesabu, siku, vitenzi vya kila siku na namna ya kumhutubia mwalimu kwa heshima, ameokoa miezi miwili, na vyuo kwa kawaida hudai afikie daraja B2 ndipo afuate mihadhara. Kutoka sifuri hadi B2 katika mwaka mmoja wa masomo ni safari ndefu.

Posho ya ufadhili ni ndogo, kwa hiyo familia isimtazamie kutuma chochote nyumbani mwaka huo. Matokeo yakija, msiyasome kwa macho ya Baraza la Mitihani. Alama hutolewa kwa 20, kumi ni kufaulu, 12 huandikiwa kwamba ni nzuri kiasi, na 16 ni vizuri sana. Baba anayemkaripia mtoto kwa 12 anamkaripia aliyefaulu. Na mkipiga simu, Moroko iko nyuma yetu kwa saa mbili, ila mwezi wa Ramadhani ni saa tatu, kwani wao hurudisha saa nyuma mwezi huo. Mkipiga baada ya tarawehe ya kwetu, mtamkuta kule magharibi haijaingia, hajafuturu, na daftari la vitenzi liko mkononi.