Nalanda Haikuwa Kuta

Wasee wangu, leo naomba dakika tatu za bando yenu tuongee kuhusu chuo kilichokufa kikafufuliwa baada ya miaka 800. Kinaitwa Nalanda, kiko jimbo la Bihar, India. Na ndio, mimi niliyeacha kampo ndiye nawaletea stori ya chuo. Tulieni.

Nalanda ya zamani ilianza karne ya 5 na ikadumu karibu miaka 700. Ilikuwa makao ya watawa wa Kibudha, lakini masomo hayakuishia kwa dini: kulikuwa na mantiki, sarufi, tiba, hadi maandiko ya Wahindu. Watu walitoka China, Korea, Tibet na Sumatra kuja kusoma hapo. Msee mmoja wa China, Xuanzang, alifika miaka ya 630, akasoma, kisha akarudi kwao mwaka 645 na vitabu 657 juu ya farasi 20. Fikiria hiyo mizigo.

Kilichonibamba zaidi kwa hii stori ni geti. Xuanzang anasema mlinzi wa mlango ndiye aliyekuwa anakupiga maswali, na ngumu kwelikweli. Kati ya watu kumi, saba au wanane walirudishwa walikotoka. Ukipita, basi. Chakula, nguo, kitanda na dawa ni juu ya chuo. Mfalme alikuwa ametenga mapato ya vijiji zaidi ya 100, na kila siku mchele, siagi na maziwa yaliingia kutoka huko.

Sasa usiniambie ati ilikuwa bure. Kuna mkulima alikuwa analipia ule mchele. Lakini ile jamii ilikuwa imeamua kwamba mtu anayesoma asisome akiwa na njaa.

Mimi niliacha kampo mwaka wa pili. Siku ya mtihani, mlangoni hakuna aliyeuliza niko na nini kichwani. Waliuliza risiti ya karo. Linganisha hayo mageti mawili, halafu uniambie ni gani ya kisasa.

Twende kwa Nalanda mpya. Mwaka 2006, Rais wa India wakati huo, Abdul Kalam, alileta wazo la kuifufua. Sheria ikapita 2010, masomo yakaanza 2014 na wanafunzi 15 tu. Juni 2024 Waziri Mkuu Modi akafungua kampasi karibu na mji wa Rajgir, kilomita chache kutoka kwa magofu. Ekari 455, maziwa, miti, umeme wa jua, na nchi zingine 17 zimeunga mkono. Picha ni noma, siwezi kudanganya.

Lakini kabla ya hizo picha, kuna watu walitoka. Mkuu wa kwanza wa chuo, Amartya Sen, yule mwanauchumi wa tuzo ya Nobel, aliondoka 2015 akilalamika kwamba serikali inaingilia chuo. Aliyemfuata, George Yeo, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Singapore, alijiuzulu 2016 kwa lalamiko hilohilo: chuo hakiko huru. Wawili mfululizo. Hapo ndipo mimi nabaki na maswali, kwa sababu matofali unaweza kununua, lakini uhuru wa mwalimu kusema anachofikiri hauuzwi kwa ekari.

Najua kuna mtu atasema, "Buda, anza na majengo, hayo mengine yatakuja." Skiza hii. Karibu mwaka 1200 Nalanda ilivamiwa na kuharibiwa. Miaka ya 1230 mtawa kutoka Tibet, Dharmasvamin, alifika pale. Alimkuta mzee wa miaka zaidi ya 90, Rahula Shribhadra, akifundisha wanafunzi kama 70 katikati ya uharibifu. Wanajeshi walipokaribia tena, wengine wakatoroka. Dharmasvamin alimbeba mwalimu wake mgongoni wakaenda kujificha.

Kwangu, pale mgongoni ndipo Nalanda ilipokuwa siku hiyo. Hakukuwa na kampasi wala waziri wa kukata utepe. Kulikuwa na mtu anayejua kitu na mtu ambaye hataki kile kitu kipotee.

Kwa hivyo sipingi kufufua. Nafurahi India inakumbuka. Ila Bihar ni kati ya majimbo maskini zaidi nchini humo, na kipimo changu ni kidogo tu: mtoto wa kijiji cha jirani, mwenye kichwa lakini hana doo, akifika getini ataulizwa nini? Na mwalimu akisema kitu ambacho serikali haipendi, atakuwa darasani wiki ijayo?

Majibu yakiwa mazuri, Nalanda imerudi. Yakiwa mabaya, ile ni kampasi safi yenye jina la zamani. Na wewe uliye kampo sahii, jiulize hayo maswali mawili kuhusu chuo chako.