Tuuandikie Sheria Mchezo wa Vibao

Wako wenzetu wauchekao mchezo wetu wa vibao, ule tuuchezao Jumapili huku Zone Industrielle, penye sakafu ya saruji nyuma ya maghala, na kamba badala ya wavu. Wasema si tenisi wala si kitu. Nawauliza: tenisi yenyewe ilianza vipi?

Kati ya 1859 na 1865, mjini Birmingham, Uingereza, mwanasheria Harry Gem na rafiki yake Augurio Perera, mfanyabiashara Mhispania, waliuchukua mchezo wa raketi uliopigwa ukutani, wakauchanganya na pelota ya Wabaski, wakaucheza juu ya majani ya uwanja wa kroketi. Uwanja wa kuazima! Mpira wa raba ndio uliowezesha mambo hayo, kwani ule wa nguo haudundi majanini.

Lakini nani awajuaye? Mwaka 1874 Meja Wingfield alipata hati ya uvumbuzi, akauza masanduku yenye raketi, wavu, mipira na kijitabu cha sheria. Jina alilolitoa, Sphairistikè, liliwashinda watu ulimi. Hata hivyo kijitabu kilifika mbali, na sifa akaipata yeye.

Sisi hatuna kijitabu. Mpira ukigusa ukuta wa ghala, umekufa au u hai? Wakubwa huamua wapendavyo, na wadogo hunyang'anywa pointi. Naiomba kamati ya michezo ikae na manahodha kabla ya likizo, iandike sheria, izichapishe humu gazetini. Nanyi kaka zetu mliokwisha maliza shule, tuandikieni: zamani mlihesabuje?