Mali bila daftari: Neno la fundi lililookolewa na karani

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huitumia wenye duka na wenye mifugo. Mimi nashikilia kwamba inahusu maneno vile vile, na hasa maneno ya mafundi. Ushahidi wangu nautoa mbali, katika lugha ya Wayunani, yaani Wagiriki wa kale, watu ambao twaambiwa kila siku kwamba hawakuacha jambo bila kuliandika.

Kigiriki cha kale kikisifiwa, husifiwa kwa falsafa, siasa na tamthilia. Ni nadra kumsikia mtu akimtaja seremala, sonara au mchonga pembe. Hata hivyo lugha hiyo ilikuwa na hazina ya maneno ya kazi za mapambo: kupachika pembe za ndovu katika mbao, kutia dhahabu na fedha juu ya shaba, kupamba meza kwa kioo cha buluu. Natutazame machache kati ya maneno hayo, tuone yaliyoyapata.

La kwanza ni “a-ja-me-no”. Mwaka 1939 Mmarekani Carl Blegen alianza kuchimba jumba la kifalme la Pylos, kusini-magharibi mwa Ugiriki, akakuta mamia ya vibao vya udongo vyenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Mwaka 1952 Mwingereza Michael Ventris, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majengo, alilifumbua fumbo hilo. Ikadhihirika kwamba maandishi yale ni Kigiriki, tena cha zamani kuliko kile cha Homer kwa karne kadhaa. Hayakuwa mashairi wala sheria. Yalikuwa daftari za makarani: hesabu za kondoo, mafuta, magurudumu na samani za mfalme.

Katika orodha ya samani, karani ametaja meza, viti na vigoda vya kuwekea miguu. Kigoda kimoja kimepambwa kwa pembe ya ndovu iliyochongwa mtu, farasi na pweza. Meza moja ni ya jiwe, nayo imetiwa kioo cha buluu na dhahabu. Kila anapotaka kusema kwamba kitu “kimetiwa pambo”, karani huandika “a-ja-me-no”, kisha akataja pambo lenyewe.

Karibu na mwaka 1180 K.K. jumba la Pylos liliungua. Moto ule ule ulioangamiza jumba ndio uliovioka vibao vya udongo vikawa vigumu kama vyungu, na ndiyo sababu vimetufikia. Lakini karakana za mfalme hazikufunguliwa tena, na neno lao likafa. Hulikuti kwa Homer, hulikuti kwa Plato, hulikuti katika maandishi ya baadaye tuliyo nayo. Leo wasomi hulifasiri kwa kutazama maneno yanayolizunguka. Je, fundi alichimba mbao akapachika pembe ndani yake, au aliibandika juu tu? Neno tunalo; kazi yenyewe hatuwezi kuiona ndani yake.

La pili ni “daidalos”, na hili lilipatwa na jambo jingine. Homer alilipenda sana neno hili na ndugu zake. Kitanda ambacho Odysseus alikitengeneza kwa mkono wake kimepambwa hivyo kwa dhahabu, fedha na pembe. Ngao ambayo mungu mhunzi Hephaistos alimfulia Achilles imejaa mapambo ya namna hiyo. Lakini ukimwuliza Homer: fundi alifanya nini hasa, alipachika, alichora au alifua? Hakujibu. Neno limekuwa sifa tu, mfano wa mtu asemaye “kazi safi” bila kutaja nyundo wala patasi. Hatimaye likasimuliwa kama mtu kamili, yule Daidalos wa hadithi za Krete aliyejenga nyumba ya vichochoro na kuruka angani kwa mabawa. Neno la karakana likageuka ngano.

Hata pale Homer anapotumia neno linaloonekana kuwa la ufundi hasa, tunakwama. Kiti cha Penelope, kilichotengenezwa na fundi aitwaye Ikmalios, kinaelezwa kwa neno “dinotos” pamoja na pembe na fedha. Wapo wasemao kwamba kiti kimekerezwa. Wapo wasemao kimetiwa mapambo ya mizunguko. Kila upande una hoja zake, na Ikmalios hayupo wa kuulizwa.

Kundi la tatu ni la maneno yaliyohama. “Kyanos” lilikuwa jina la jiwe la buluu lenye thamani, na pia la kioo kilichotengenezwa kulifanana. Vibao vya Mycenae vinawataja mafundi wake kwa jina la kazi yao. Leo neno hilo liko hai ndani ya jina la sianidi, ile sumu kali. “Elektron” lilikuwa jina la kaharabu, na pia la dhahabu iliyochanganyika na fedha. Leo limo katika jina la vyombo vya elektroniki. Anayeyatamka hakumbuki kamwe kito kilichopachikwa penye mpini wa upanga.

Huenda msomaji akauliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1982 mzamiaji wa Kituruki aliona mabaki ya merikebu mahali paitwapo Uluburun, nayo ilizama katika karne ya 14 K.K. Ndani yake mlikuwa na mikate ya kioo yapata 175, mingi ikiwa ya buluu, pembe ya ndovu, meno ya kiboko na magogo meusi. Wataalamu walipoyachunguza magogo yale, walikuta ni mpingo, mti wa Afrika, aina ile ile wanayoichonga Wamakonde. Na baadaye sana, katika karne ya 1 baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki kitabu cha safari za bahari hizi, akaitaja bandari ya Rhapta katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Bidhaa ya kwanza anayosema ilitoka huko kwa wingi ni pembe za ndovu. Basi mali iliyozaa maneno ya mapambo ya Wayunani, sehemu yake ilitoka katika bara letu.

Nasi tunalo neno letu la kazi hiyo: njumu. Kwa maana yake ya asili ni pambo la fedha au shaba lililopachikwa katika mbao au chuma, kama vile penye mpini wa jambia au kitako cha bunduki. Mtajie njumu kijana wa leo, naye atakuletea viatu vya kuchezea mpira. Silaumu wachezaji, neno lina ruhusa ya kutembea. Lakini hii ni njia ile ile iliyofuatwa na kyanos na elektron, na yafaa tujue tumefika wapi katika safari hiyo.

Watatokea wa kuniambia kwamba lugha ni kiumbe hai, maneno huzaliwa na kufa, na hapana haja ya kuyaombolezea. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Simlilii marehemu, ninachotaka ni wosia wake. Katika makumbusho ya Athens kuna majambia ya shaba yaliyotoka makaburi ya Mycenae, yamepachikwa picha za dhahabu na fedha za watu wakiwinda simba. Maabara inaweza kutueleza madini yake. Haiwezi kutueleza fundi aliziitaje hatua za kazi yake, alimwambiaje mwanagenzi ashike wapi na akate vipi. Elimu ile ilikuwa ndani ya maneno, na maneno yalikuwa kinywani.

Tazameni pia ni nani aliyetufaa. Mshairi mkubwa alitupa sifa. Karani asiyejulikana aliyehesabu vigoda ndiye aliyetupa kitu na pambo lake. Kama angekaa nusu saa zaidi na fundi, akaandika na namna ya kutia, leo wasomi wasingekuwa wakibishana.

Kwa hiyo rai yangu kwa watunga kamusi wetu, walimu na wanafunzi wa vyuo ni hii: nendeni karakanani. Kaeni na sonara, mchonga milango na mtengeneza viti vya enzi. Msiridhike kuandika “aina ya nakshi”. Andikeni ni kitu gani kinachotiwa, kinatiwa ndani ya nini, kwa chombo gani, na kila hatua fundi huiitaje. Kisha chora picha kando yake. Kazi hii haihitaji moto wa Pylos ili idumu. Inahitaji daftari, kalamu, na heshima kwa mtu mwenye vumbi la mbao mikononi, maadamu bado yupo wa kuulizwa.