Fizikia ndani ya tone la damu

Taja fizikia mbele ya wanafunzi uone watakavyokunja nyuso. Wengi hudhani ni somo la fomula zisizo na faida nyumbani. Hata hivyo, ni somo hilo lililosaidia kueleza kwa nini baadhi ya watoto wa Kilifi hawalemewi na malaria kama wenzao.

Ili kijidudu cha malaria kizaane katika damu, ni lazima kiingie ndani ya chembe nyekundu. Chembe hizi ni ndogo mno: ukizipanga 100 kwa mstari hazitimizi milimita 1. Kila moja imezungukwa na utando mwembamba, nacho kijidudu huupenya kwa muda usiotimia dakika moja.

Kuna aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo ni nadra kwingineko lakini hupatikana Kilifi. Mtoto aliyeirithi kutoka kwa baba na mama pia hupata kinga ya hadi asilimia 74 dhidi ya malaria kali. Je, siri ni nini?

Mwaka wa 2020, Silvia Kariuki wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, na wenzake, wakiwemo wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitoa jibu. Walichunguza damu ya watoto 42 kwa hadubini na kuipiga picha za video. Utando wa chembe hautulii, hutetemeka. Kompyuta ilifuata ukingo wake picha baada ya picha, kisha hesabu za fizikia zikaonyesha umekaza kiasi gani. Fikiria ngoma: ngozi iliyolegea huyumba, iliyowambwa barabara haichezi sana. Utando wa Dantu ulikuwa umekaza zaidi, na ukizidi kiwango fulani, kijidudu hubisha hodi kikashindwa kuingia.

Matumaini ni kwamba siku moja itapatikana dawa ya kuukaza utando huo kidogo tu, ili watoto wengine nao wakingike. Kwa sasa, mzazi, usitupe chandarua. Wengi wetu hatuna damu hiyo, na mtoto akishikwa na homa, zahanati ndiyo kimbilio.

Nawe mwanafunzi, kabla ya kulitupa daftari la fizikia, kumbuka kwamba elimu haiozi. Huenda hesabu inayokusumbua leo ndiyo itakayookoa mtoto kesho.