Waya wa Ardhini Kabla ya Kompyuta

Lembeni, wilayani Mwanga, iko chini ya Milima ya Upare, kando ya reli itokayo Tanga kwenda Moshi. Magharibi yake liko Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, ambalo mitambo yake ina uwezo wa kuzalisha megawati 8 za umeme. Hata hivyo, kuwa jirani na bwawa si kinga. Umeme wa bwawa huingia katika gridi ya taifa, nayo shule ya Lembeni, sawa na shule nyingine yoyote, hupokea umeme wa volti 230 unaoweza kukatika, kupungua au kuzidi ghafula.

Shule inapopata kompyuta za mezani, aghalabu jambo la kwanza kuhesabiwa ni idadi ya mashine. Hilo ni kosa. Jambo la kwanza linalostahili kuhesabiwa ni waya wa ardhini, ambao mafundi huuita erthi.

Sababu yake ni ya kifizikia. Chuma cha kasha la kompyuta kimeunganishwa na pini ndefu ya plagi. Ikiwa waya wenye umeme umechubuka na kugusa kasha, mkondo hupita katika pini hiyo mpaka ardhini, fyuzi hukatika au swichi kuu hujizima, na mwanafunzi husalimika. Pasipo waya huo, ardhi hufikiwa kwa kupitia mwili wa mwanafunzi. Vilevile, vifaa vingi vya kuzuia umeme uliozidi huelekeza sehemu ya ziada hiyo ardhini. Kifaa cha namna hiyo kikichomekwa katika soketi isiyo na erthi, taa yake huwaka, lakini kinga yake hupungua sana.

Hapa ndipo hali ya Lembeni inapodai uangalifu zaidi. Pepo zitokazo baharini huacha mvua nyingi katika miteremko ya mashariki ya milima, na tambarare ya magharibi hubaki kavu. Udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida. Fimbo ya shaba iliyopigwa juu juu wakati wa masika yaweza kuonekana imara, kumbe ifikapo kiangazi haifai kitu. Hapana budi ifike kina chenye unyevu, na fundi aipime kwa chombo katika majira ya ukame.

Desturi mbaya nazo ni nyingi. Mtu huingiza kijiti au kalamu katika tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Mwingine hufunga waya mnene mahali pa fyuzi iliyokatika. Mwingine huchomeka pasi katika ekstensheni moja na kompyuta nne. Mwanafunzi wa fizikia aweza kukokotoa hatari hiyo mwenyewe: pasi ya wati 2,000 katika volti 230 huvuta karibu ampea 9, ilhali kompyuta ya wati 200 haifikishi ampea moja.

Umeme ukikatika, kompyuta zote zizimwe na plagi zichomolewe. Urudipo, isubiriwe dakika chache hadi utulie. Betri ya akiba, maarufu kwa jina la yuupiesi, hutoa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu. Haikukusudiwa kuendeshea somo zima. Dalili za radi zionekanapo, plagi na nyaya za mtandao zichomolewe mapema, kwani hakuna kifaa cha dukani kinachotosha kuzuia radi ipigayo karibu. Wala kisanduku cha umeme kilichomo ndani ya kompyuta kisifunguliwe na wanafunzi: hata baada ya kuchomolewa, chaweza kubaki na chaji ya volti zaidi ya 300.

Wako wasemao kwamba fedha ni haba, na kwamba heri kompyuta kumi zisizo na kinga kuliko tisa zilizo nayo. Hoja hii haina uzito. Umeme ukizidi mara moja, kumi hizo zaweza kuharibika pamoja, na alama za mitihani zilizomo zikapotea.

Historia ya nchi yafundisha vivyo hivyo. Serikali ya Tanganyika na Zanzibar zilizoungana ilifunga kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965; mwaka 1974, baada ya hasara na uhaba wa wataalamu, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Mashine ilikuwa imetangulia, maandalizi yakabaki nyuma.

Basi kila shule itenge bei ya kinga ndani ya bei ya kompyuta, na mwalimu wa fizikia pamoja na wanafunzi wake wakabidhiwe ukaguzi wa soketi, plagi na fyuzi kila muhula. Somo la kwanza la kompyuta na lianzie kwenye soketi iliyo ukutani.