Nani Aliyewanyamazisha Watoto wa Darasa la Tano?

Kuna jambo ambalo kila mwalimu wa shule ya msingi huku kwetu Pwani amelishuhudia, ingawa ni wachache walisemao. Mtoto wa darasa la pili ukimwuliza swali, darasa zima huinua mikono, na wengine huinuka vitini wakilia, "Mimi, mwalimu! Mimi!" Mtoto huyo huyo akifika darasa la tano, ukimwuliza swali hutazama meza. Mikono mitatu huinuka, nayo ni ile ile ya jana na ya juzi, na waliobaki hungoja kengele. Wazee husema mtoto amekua, ameanza kuona haya. Mimi nasema sivyo. Mtoto huyo amenyamazishwa, na kwa upande wangu naungama kuwa mmoja wa waliomnyamazisha nilikuwa mimi.

Nilisomesha darasa la nne, la tano na la sita, ambayo siku hizi huitwa Gredi, kwa miaka mingi katika mji wa kale. Nilitoka chuo cha ualimu na makaratasi yangu ya michoro na sauti kubwa. Siku moja nikakata shauri kuwapeleka wanafunzi wa darasa la tano ufuoni, wakatazame wanyama wakaao katika vidimbwi vya mwambani maji yanapokupwa. Nilipanga saa nne ya asubuhi kwa sababu ndiyo saa iliyokuwa wazi katika ratiba yangu. Tulipofika, bahari ilikuwa imejaa hadi kwenye mchanga mkavu. Watoto arubaini na wawili wakasimama wakitazama maji, nami nikatazama nao.

Palikuwa na kijana mmoja, mwana wa mvuvi, ambaye katika ripoti yake nilikuwa nimeandika kwamba ni mzito wa kuelewa. Alikuwa akicheka chini kwa chini. Nikamwuliza anacheka nini. Akasema siku zile zilikuwa za maji mafu, na maji mafu huku kwetu hujaa mida hiyo ya saa nne na saa tano. Ningalingoja bamvua, juma moja tu, saa kama ile ningalikuta mwamba wote uko wazi. Nikamwuliza, "Mbona hukusema jana?" Akanijibu kwa adabu zote, "Hukuniuliza, mwalimu."

Wasomaji wapenzi, jibu lile lilinikosesha usingizi. Jioni ile ile, baada ya Laasiri, nilipita mbele ya chuo cha Kurani cha mtaani, nikamwona kijana yule yule amekaa mkekani na watoto sita wadogo wamemzunguka, yeye ndiye akiwasikiliza juzuu zao, akiwarekebisha mmoja mmoja, sauti yake wazi kama ya khatibu. Shuleni ni mzito wa kuelewa, chuoni ni msaidizi wa maalim. Basi uzito ulikuwa wa nani?

Tangu hapo nilianza kufanya jambo dogo sana. Nilikata kona ya ubao kwa chokaa, upande wa kushoto juu, nikaamuru isifutwe na mtu isipokuwa mwenye zamu. Kila asubuhi mtoto mmoja, kwa kufuata majina ya rejista, alikuja akaandika mambo manne: tarehe ya kizungu na ya kiislamu, mwezi ulivyoonekana usiku, maji yatajaa saa ngapi na yatakupwa saa ngapi, na upepo uvumao. Kisha husimama akaulizwa na wenziwe maswali matatu, si na mimi. Yote hayo yalichukua dakika tano au sita. Somo lenyewe ni dakika thelathini na tano, na mwalimu mwenzangu mmoja aliniambia kwamba nawaibia watoto wakati wa kusoma. Nilimjibu kwamba nawarudishia.

Kwani yatazame yaliyotoka katika kona ile. Mwenye zamu hakuweza kuandika bila ya kuuliza nyumbani usiku wa kuamkia siku yake. Akamwuliza baba, au mjomba, au nyanya akaaye barazani. Hapo mzazi asiyejua hesabu ya darasa la tano aligundua kwamba anajua jambo linalotakiwa shuleni. Baada ya majuma mawili watoto wenyewe walitambua kwamba maji hayajai saa ile ile kila siku, bali huchelewa, kwa wastani dakika hamsini hivi. Tukafanya hesabu: siku saba mara dakika hamsini ni dakika 350, yaani saa tano na dakika hamsini, karibu na saa sita. Ndiyo maana bamvua maji hukupwa asubuhi saa nne na saa tano, na juma moja baadaye saa hizo hizo yamejaa! Sikuwaambia mimi. Waliipata wenyewe ubaoni, na siku ile mikono haikuwa mitatu.

Kisha wakaona kwamba bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu hufuata mwezi wa nusu. Wakagombana juu ya mwezi wa siku 29 na mwezi wa siku 30, jambo ambalo hata watu wazima hugombana nalo kila Shaabani inapokwisha. Wakaona kaskazi ikilegea na kusi ikishika. Hayo ni sayansi, ni hesabu, ni jiografia, na hakuna mzazi aliyetumwa dukani usiku kununua karatasi za rangi.

Nasema hivyo kwa makusudi. Mtaala huu wa umilisi, uliosambazwa nchini mwaka 2019, shabaha yake naiunga mkono, maana unataka mtoto atende na asikariri tu. Lakini mahali pengi neno "shughuli" limegeuka kuwa maana yake ni kununua: manila, gundi, picha za kupigwa chapa. Mtoto ambaye babaye hana, huja mikono mitupu akaketi nyuma. Naye akikaa nyuma mara tatu, ya nne hatainua mkono tena. Shughuli ya darasani inayohitaji pesa humnyamazisha yule yule tunayetaka aseme.

Jambo la pili nililolichukua, nililichukua chuoni. Nani kati yetu hakupita kwenye mkeka ule? Kila mtoto ana darsa lake: huyu yuko alifu kwa kijiti, yule yuko Amma, mwingine anakaribia kuhitimu, na wote wanasoma kwa sauti kwa wakati mmoja, na maalim anamsikia aliyekosea pembeni kabisa. Mkubwa humsomesha mdogo. Hakuna anayengojwa na hakuna anayeachwa. Nikafanya vivyo hivyo katika usomaji wa Kiswahili, dakika kumi kila siku baada ya mapumziko: wawili wawili, aliyetangulia na aliye nyuma, kila jozi na ukurasa wake, nami nikipita kati yao. Darasa lilivuma kama mzinga wa nyuki. Mwalimu wa chumba cha pili alikuja mlangoni akifikiri sipo.

Ama nisieleweke vibaya. Si kila kilichokuwa chuoni ni cha kurudishwa. Kukariri bila ya kufahamu kulitupotezea miaka, wengine tulihitimu tusijue maana ya tulichokihitimu. Na bakora siitaki. Serikali iliiharamisha mashuleni mwaka 2001, na ilistahili kuharamishwa kabla ya hapo. Wako wanaosifu mambo ya kale kwa jumla kama kwamba hayakuwa na dosari, na hao pia sikubaliani nao. Ninachosema ni kwamba mtoto wetu hukaa shule asubuhi na chuo jioni, na nyumba hizo mbili hazijuani. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika gazeti lake la Al-Islah alilolitoa Mombasa mwaka 1932, aliwasihi Waislamu wa Pwani waishike elimu ya wakati wao pamoja na dini yao. Miaka tisini na zaidi imepita, na bado mwalimu wa shule hajui kwamba mwanafunzi wake mzito ni msaidizi wa maalim hatua mia mbili kutoka hapo.

Vitendawili navyo vilinisaidia kufunga somo. Badala ya mimi kuuliza "Mmefahamu?" na wao kuitikia "Ndiyo!" kwa pamoja, ambalo ni jibu lisilo na maana yoyote, niliwataka watoto wawili watunge kitendawili kutokana na somo la siku ile. Darasa likishindwa, mtegaji hudai mji, na mji hautolewi bure: atoaye ataje uko kaunti gani na wenyeji wake wanalima au wanauza nini. Siku moja msichana mmoja alipewa Kitale, akasema haitaki, anataka dafu kabisa, darasa likaanguka kwa kicheko. Na mtoto hawezi kutunga kitendawili juu ya mvuke au mizizi ikiwa hakufahamu mvuke ni nini na mizizi hufanya kazi gani. Jaribu mwenyewe, utaona.

Vipimo nitavipitia upesi. Mwambie kila mtoto apime meza kwa shubiri yake, kisha ukuta kwa pima, uone watakavyogombana kwa kutofautiana mikono. Hapo ndipo ueleze mita ilitungwa kwa ajili gani. Wakati wa saa mbili zetu, ya Kiswahili na ya kizungu, wapishane kwa sita kila asubuhi mpaka wachoke.

Wazazi wengine walinijia. "Mwalimu, mtihani utauliza maji mafu?" Ni swali la haki, kwani mtihani uko, nao wa darasa la sita ulianza kufanywa mwaka 2022. Nilijibu kwamba mtihani hautauliza maji mafu, lakini utauliza kuzidisha na kusoma na kueleza, na mtoto asiyefungua mdomo wala daftari hatajibu hata moja. Wengine waliridhika, wengine hawakuridhika. Mmoja alimhamisha mwanawe.

Na yule kijana wa ufuoni je? Kona ya ubao ilimkuta amechelewa. Alipata zamu yake mara mbili tu, na siku zote mbili alijibu maswali kumi badala ya matatu kwa sababu wenziwe hawakutaka akae. Mwaka uliofuata aliacha shule akaingia baharini na mjomba wake. Ripoti yenye maneno yale niliyoyaandika kwa mkono wangu sijui kama nyumbani kwao waliihifadhi. Naomba hawakuihifadhi.

Sasa nina ombi kwa wazazi wasomao ukurasa huu. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alitunga utenzi mzima juu ya mnazi, Umbuji wa Mnazi, ili maneno yake yasipotee. Kazi ile ile huweza kufanywa na darasa la nne kwa juma moja: kila mtoto alete jina moja la tunda la mnazi tangu linapochanuka, kidaka, kitale, dafu, koroma, hata nazi, na aeleze linatambuliwaje. Basi mwanao akija nyumbani magharibi akakuuliza kidaka ni kipi na kitale ni kipi, usimwambie aende akamwulize mwalimu. Mwalimu ndiye aliyemtuma kwako.