Betri bila kobalti: je, Kongo ijiandae?

Ndani ya simu unayosomea habari hii kuna betri ya lithiamu, na huenda ndani yake mna kobalti iliyochimbwa Lualaba au Haut-Katanga. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani.

Betri ina pande mbili. Unapochaji, chembe za lithiamu huhama kutoka upande chanya, uitwao kathodi, kwenda upande hasi. Unapotumia simu, hurudi. Kobalti hukaa kwenye kathodi, na ndivyo ilivyo tangu betri hizi ziingie sokoni mwaka 1991.

Februari 2025, baada ya bei kuporomoka, serikali ya Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje. Tangu Oktoba mwaka huo inauza kwa mgawo: tani 96,600 kwa mwaka mzima wa 2026. Lengo ni kuinua bei. Lakini bei ikipanda, mnunuzi naye hutafuta njia ya kuikwepa kobalti.

Njia moja ni kathodi ya plastiki maalumu, iliyotengenezwa kwa kaboni, oksijeni na nitrojeni, vitu vinavyopatikana kila mahali. Mwaka 2002, watafiti wa kampuni ya NEC ya Japani walionyesha kwamba inawezekana. Tatizo ni kwamba malighafi nyingi za jamii hii huyeyuka ndani ya kimiminika cha betri, tena hazipitishi umeme vizuri. Mwanzoni mwa 2024, watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walieleza kathodi ya kaboni isiyoyeyuka kirahisi, iliyochajiwa zaidi ya mara 2,000 bila kuchoka sana. Hata hivyo, kutoka maabara hadi dukani ni safari ndefu.

Mshindani aliyekwisha kufika ni betri ya chuma na fosfati, isiyo na kobalti, inayoendesha magari mengi ya umeme ya China. Ni nzito zaidi, ndiyo maana simu nyingi bado zinategemea kobalti.

Kwa hiyo Kongo bado ina muda, ila si wa milele. Mgawo unaweza kulinda bei ya leo, lakini hauwezi kumzuia mtafiti. Soko likigeuka, wa kwanza kuumia atakuwa mchimbaji mdogo wa Kolwezi, asiye na akiba wala kazi nyingine. Fedha za kobalti zinapaswa kumwandalia kazi hiyo sasa, wakati madini yake bado yanatafutwa.